Wali Ulionuka Dari

"Umesikia?" Apolonia alisema, hata hodi hajaimaliza. "Fulgensi naye amepewa gunia."

Tekla alikuwa barazani anamnyonyesha mtoto. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akamsogezea jirani yake mkeka kwa mguu, akamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gunia zima, limeshonwa mdomo."

"Gunia la nini?"

"La mpunga, mwanangu, la nini tena? Limepita hapa jana mchana kweupe, juu ya baiskeli ya Chama, mlinzi wa ghala anasukuma, jasho linamtiririka. Nikasema moyoni, haya, hilo linakwenda kwa Katibu kama yale mengine. Kumbe! Likakata kona kwa mpiga mbiu wetu."

"Labda amenunua."

"Kwa fedha ipi? Mtu mwenyewe hata ugoro anaomba kwa majirani." Apolonia aliketi, akanyoosha miguu, akacheka kicheko kikavu. "Na sisi huku dari zetu tupu, kutwa tunatazama juu kama kuku waliosikia mwewe."

Tekla alimhamishia mtoto titi la pili. Apolonia alikuwa mtu mwema, mdomo wake tu ndio haukuwa na kizuizi. Lakini habari ile haikuingia kichwani. Mzee Fulgensi na gunia la Chama cha wakulima! Ingekuwa rahisi zaidi kuambiwa kwamba mto Lumemo jana umepanda mlima.

Fulgensi alizaliwa Mofu, kwa wavuvi. Ujanani kiboko alipindua mtumbwi wake, na tangu hapo mguu mmoja aliuburuta na mto akauaga. Mkewe alipofariki alihamia huku ng'ambo ya Ifakara, akajenga kijumba nyuma ya nyumba ya Tekla, na kazi iliyombakia ikawa ile pembe ya nyati. Akifa mtu, pembe. Viboko wakiingia mashambani, pembe. Mtoto akipotea, pembe. Wapiga mbiu wa vitongoji vingine walisimama njiani, wakapaza sauti, wakapita. Yeye hakuwa hivyo. Alipuliza njiani mara moja tu, halafu akaingia ua mmoja baada ya mwingine, akapiga hodi, akauliza hali ya mgonjwa kwa jina lake, ndipo akasema neno alilotumwa, kwa sauti ya chini, anakutazama usoni. Habari ya asubuhi iliweza kukufikia jioni. Lakini ikishakufikia hukuuliza tena kama ni kweli.

Malipo yake yalikuwa ugoro, kiasi cha kubanwa na vidole viwili. Aliuvuta tangu ujana, na ulikuwa umemmaliza pua. Tekla aliwahi kumkuta ameketi kando ya tenga la samaki ngogo waliooza, anashona wavu wa mtu, uso mtulivu kabisa, huku watoto wamesimama mbali wameziba pua na kucheka. "Wanacheka nini hawa?" alimuuliza Tekla. Alipoambiwa, naye akacheka, akasema pua yake ilikwisha kuzikwa, amebaki kuifanyia matanga.

Masika yaliyopita ndipo mto ulipopanda. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na watu wote walikuwa huko bondeni kwenye madungu yao wanaamia ndege. Dionisi, mume wa Tekla, alikuwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kilosa. Tekla alikuwa peke yake juu ya dungu, tumbo limemfika kidevuni, anasinzia, ndipo aliposikia pembe ikitokea mahali ambapo hapakuwa na njia tena. Akachungulia. Akamwona mzee yule, maji yamemfika kifuani, pembe ameiinua juu ya kichwa isilowe, anatoka dungu hili kwenda lile na mguu wake mbovu. "Shuka, mwanangu," alisema, kama vile anamwita chakula. "Shuka polepole. Shika bega langu." Walipofika penye nchi kavu Tekla aligeuka nyuma. Dungu halikuwapo.

Mpunga ulikwenda na maji. Na baada ya mpunga kwenda, ikaja habari ya Chama.

Chama cha wakulima kilikuwa kimechukua mpunga wa mavuno yaliyopita, wakubwa wake wakawakopesha wafanyabiashara wa mbali ambao hawakurudi. Sasa kilikuwa kinazama. Katibu, Bwana Fridolin, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi, aliitisha mkutano akaeleza: Chama kikianguka, mashine ya kukoboa itachukuliwa, na kila mkulima atauza kwa bei atakayotajiwa na mnunuzi. Kwa hiyo kila nyumba ilete ilichonacho. Asiye na mpunga wa kula alete hata wa mbegu. Mbegu itarudi kabla ya mvua, na nyongeza juu yake.

Watu walimsikiliza, wakakohoa, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyeleta kitu.

Maana mbegu haikuwa mpunga wa kuzungumzwa hivyo. Mbegu ilikaa ndani ya kilindo cha gome la mti, juu darini, penye moshi wa jiko la kila siku, na moshi ule ndio uliofukuza wadudu. Ilikaa huko hadi gome likawa jeusi na punje zenyewe zikashika harufu. Mtu alilala na njaa, mbegu iko juu yake. Bibi yake Tekla, mwaka mmoja wa njaa, alichimba mizizi ya yungiyungi bwawani akawapikia wanawe, na kilindo hakikuteremshwa.

Ndipo Katibu alipomwendea Mzee Fulgensi.

Pembe ilipulizwa asubuhi ya kipupwe, ukungu bado uko chini. Mzee aliingia ua kwa ua. "Mbegu itarudi kabla ya mvua," alisema kila mlango, kama alivyoambiwa, anatazama watu usoni. Na watu, waliomkumbuka majini na pembe juu ya kichwa, walipandisha mikono darini wakateremsha vilindo. Apolonia alitoa chake chote, wala hakubakiza hata punje.

Nyumba ya Tekla peke yake aliipita. Tekla alikuwa amejifungua juzi, na kwao mbegu haitolewi nje ya nyumba ambayo kitovu cha mtoto hakijakauka. Alimwona kupitia upenyo wa mlango: alipokaribia ua aliteremsha pembe, akaifunika mdomo kwa kiganja, akapita anachechemea taratibu ili mtoto asishtuke.

Sasa huyo ndiye aliyekula gunia la watu?

"Utaniambia Jumapili," Apolonia alisema akiinuka, anakung'uta kanga. "Jumapili si tunakwenda karamuni? Wamesema Chama kimepona. Mimi naenda na kilindo changu. Wanipe mbegu zangu, mambo yao wayamalize wenyewe."

Jumapili baada ya misa uwanja wa ghala ulijaa. Hakuwa Apolonia peke yake aliyefikiri hivyo. Wanawake walikuja na vilindo vitupu kichwani, wakavipanga chini ya ukuta wa ghala, kimoja kando ya kingine, midomo wazi. Kutoka walipoketi waliona paa la nyumba ya Katibu, bati jipya tupu, linawapiga machoni. Mbele, kwenye kivuli cha turubai, palikuwa na viti vya wakubwa: Mwenyekiti Bwana Ponsiano, mzito, anajipepea kwa kofia, Katibu kando yake, na wajumbe wawili watatu. Na kwenye ncha ya mstari, kwenye kigoda cha chini, Mzee Fulgensi, pembe iko mapajani. Ameoga, shati lake jeupe la misa limefungwa mpaka kifungo cha mwisho.

"Mwone," Apolonia alinong'ona. "Mwone alipoketi."

Katibu alisimama. Alisema Chama kilikuwa mgonjwa wa kufa, na leo kimeinuka kitandani. Mashine imebaki, ghala limebaki. Watu wakapiga makofi, ya kweli. Halafu akasema kwamba mgonjwa hakujiponya mwenyewe; kuna watu walikesha, walisafiri, walitoa akili zao. Kwa hiyo Kamati imeona vema kuwapa bakshishi viongozi wake, kila mmoja kwa cheo chake. "Kiongozi mzuri asiposhikwa mkono," alisema, "kesho anaitwa kwingine. Tutabaki na nani?"

Makofi hayakuja. Watu walitazamana, kama mtu ameangusha kitu na kila mmoja anangoja kujua ni nini.

"Bakshishi ya nini?" sauti ya mwanamume ilitoka nyuma. "Si nyie mliokizamisha?"

"Na mbegu?" Apolonia aliuliza, amekwisha kusimama. "Mawingu hayo yameanza kushuka milimani, Bwana Katibu. Mbegu ziko wapi?"

"Mama, tule kwanza. Mtu hazungumzi vizuri na njaa."

Wakacheka wachache, kwa kuwa ilikuwa kweli, na harufu ya nyama ilikuwa imewazunguka tangu asubuhi. Mpishi alikuwa Mwinyimvua, mtu wa hoteli ya chai huko Ifakara mjini, naye alianza kutoa masinia. Miezi mingi watu wale walikuwa hawajakaa mbele ya wali. Tekla aliketi na Apolonia na wanawake wengine kuzunguka sinia moja, mtoto amelala mgongoni. Alifinyanga tonge, akachovya mchuzi, akatia mdomoni.

Alitafuna mara mbili, akaacha.

Aliijua ladha ile. Hakuijua kwa chakula, maana haikuwa ladha ya chakula. Ilikuwa harufu ya ndani ya nyumba yake mwenyewe, kona ya jikoni, pale anapoinua uso kupuliza moto na masizi yanamwangukia machoni. Alifikiri labda ni nguo zake. Akainusa kanga yake. Halafu akamtazama Apolonia, na Apolonia alikuwa anamtazama yeye, shavu moja limejaa, hatafuni.

Mkono mmoja ulitoka kwenye sinia. Ukafuata wa pili. Kwenye sinia la jirani mwanamke mmoja alisema, "Wali umeungua au?" na mwenzake akanusa tonge lake. Mashaka yalitembea kutoka mkeka hadi mkeka, mpaka uwanja mzima ukawa watu wenye matonge mikononi, hawajui wayapeleke wapi.

"Ni moshi wa kuni tu, jamani," Katibu alisema. "Mwinyimvua, kuni zako mbichi."

"Kuni zangu?" Mpishi aliweka upawa chini. "Mimi kuni zangu kavu, bwana. Mchele ndio ulikuja unanuka. Nilikwambia jana, huu mchele unanuka moshi, ukaniambia nipike, nisiulize."

Apolonia alitema tonge kwenye kiganja. Alilitazama. Aliposema, sauti haikuwa kubwa, ila mikekani kila mtu aliisikia.

"Huu si moshi wa kuni za leo. Huu ni moshi wa dari."

Hapo ndipo ilipoeleweka, kwa wote kwa pamoja. Mwanamke mmoja alijipiga kofi la mdomo. Mzee mmoja alijiburuta hadi ukutani akatia vidole kooni, akajitahidi kutapika, kitu hakikutoka. "Tumekula mbegu," mtu alisema, kama anayetaja jina la aliyekufa. "Tumekula mbegu zetu wenyewe." Tekla alimfungua mtoto mgongoni akamkumbatia, bila kujua kwa nini.

"Mpunga ni mpunga, mama," Katibu alisema. Alikuwa amejizoeza kusema, hakuweza kuacha. "Ghalani kila kitu kilichanganyika. Tulitakiwa kulipa, tukalipa. Mwingine tukauza, mwingine wakapewa viongozi, mwingine ndio huu tuliowakaribisha. Hatukuwaficha kitu. Chama si kimepona?"

"Mpunga ni mpunga!" Apolonia alirudia. "Mnamsikia? Mtoto wa bonde hili, amezaliwa na mama aliyeamia ndege. Mpunga ni mpunga!"

Wanaume walikuwa wamekwisha kuinuka. Walilifungua ghala, kwa ufunguo au kwa bega, Tekla hakuona. Aliona tu mlango umeachama, na ndani sakafu imefagiwa, safi, na ufagio umeegemezwa ukutani. Mwenyekiti alikuwa anajaribu kutoka nyuma ya turubai, kofia usoni, na kiti chake kidogo kimemng'ang'ania makalioni. Siku nyingine watu wangecheka.

Na katikati ya yote hayo, kwenye kigoda chake, Mzee Fulgensi alikuwa anakula.

Alikula taratibu, kwa adabu, anakusanya punje kwa vidole vyake virefu, anafinyanga, anatia mdomoni. Macho yake yalikuwa yanakwenda huku na huku kwenye zile kelele. Alijua watu wana hasira ya bakshishi, hilo alilisikia, lakini neno la mbegu lilimezwa na kelele, na kwa nini wameacha wali hakuelewa, akadhani wanagoma kwa hasira. Watu mia walimwona, shati jeupe, shavu linakwenda, na hakuna aliyekumbuka ugoro. Tekla alikumbuka. Alifungua mdomo kusema, "Babu hasikii harufu," lakini Apolonia alikuwa ametangulia, amesimama mbele ya yule mzee na kilindo kitupu mkononi.

"Meza, Fulgensi!" alimwambia. "Meza vizuri! Ndio mdomo uliokuja kuniita mlangoni. Gunia lako umelimaliza nyumbani, umekuja kukombeleza na hapa?" Akakipindua kilindo juu ya sinia la mzee. Yalitoka masizi tu, yakaanguka juu ya wali mweupe.

Mzee alitazama masizi yale. Tonge lilikuwa bado mkononi. Alilirudisha kwenye sinia polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba alichoshika si chake, akamuuliza Tekla, aliyekuwa karibu: "Kuna nini, mwanangu? Wanasema nini?"

Siku zilizofuata pembe haikusikika. Katibu na Mwenyekiti walikwenda zao boma la Mahenge kueleza shauri lao kwa Bwana Shauri wa serikali, wakasema watu wamewavunjia ghala. Watu nao walipeleka wazee wao. Walizungumza pale visimani mpaka sauti zikakauka: waliotuzamisha ndio waliozawadiwa kwa kutuopoa, na zawadi yenyewe imetoka midomoni mwetu. Lakini shauri lingechukua miezi, na mawingu yalikuwa yanazidi kushuka upande wa Udzungwa, na mashamba yalikuwa yamekwisha kutifuliwa, meusi, yanangoja. Apolonia alitoka nyumba hadi nyumba kuuliza mbegu. Wengine walisema afadhali kwenda kijiji cha Mbingu kukopa kwa ndugu, ingawa huko nako mto ulipita. Tekla alimpimia jirani yake mbegu kutoka kilindo chake, kiasi ambacho shamba la mtu mmoja lingeweza kutoa bila kufa. Apolonia alilia alipopokea. Kwa Apolonia peke yake hazikutosha, na nyumba zilikuwa nyingi.

Kijumba cha Mzee Fulgensi kilikuwa kimefungwa mlango mchana kutwa. Watoto walipopita walipuliza ngumi zao kama pembe, wakakimbia.

Siku ya tatu asubuhi, Tekla akiwa anapepeta uwani, alisikia mguu unaoburuzwa. Mzee aliingia kwa nyuma, kwa njia ya jalalani. Hakupiga hodi. Shati la misa alikuwa bado amelivaa, limechafuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Karibu, keti."

Hakuketi. Alifungua fundo la shuka akatoa mpunga, ukiwa umejaa kiganja, akamnyooshea.

"Ninusie."

Tekla aliweka ungo chini.

"Gunia lile waliniletea kweli," mzee alisema. "Apolonia hakusema uongo. Katibu alisema ni ahsante ya Kamati kwa miguu yangu. Nikaona, mpunga wa kula, sikuulaza ndani kwa siri, niliuweka pale mlangoni wauone. Nilikuwa nautunza kwa ubatizo wa huyu," akamwonyesha mtoto kwa kidevu. "Baba yake yuko mbali, nikasema wageni watakula kwangu. Tangu Jumapili naushika, naupeleka puani, sipati kitu. Sina mwingine wa kumuuliza. Wewe hutanidanganya. Nusa."

Tekla aliinama juu ya kile kiganja. Hakuwa na haja ya kuinama. Harufu ilikuwa imekwisha kumfikia pale pale aliposimama: moshi, masizi, jiko la Apolonia, majiko ya wote. Aliwaza kusema hapana. Angemwambia ni mpunga mtupu, mzee angerudi kulala. Aliinua uso, akakuta anatazamwa kama vile mzee alivyokuwa akitazama watu milangoni mwao.

"Ni mbegu, babu."

Mzee alifumba kiganja. Halafu akakaa chini kwenye vumbi, mguu mbovu mbele, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Niliingia kila ua," alisema. "Niliwaambia itarudi."

"Ulitumwa, babu. Hukujua."

"Pembe haikutumwa. Pembe ni yangu." Alijipangusa uso kwa mkono ule ule wenye mpunga, punje mbili zikabaki zimemshika shavuni. "Gunia sijalifungua, nimetoboa pembeni tu kwa kidole. Lipo zima. Likigawanywa kidogo kidogo, kila nyumba itapata ya kitalu."

"Basi ni heri!" Tekla alisema, moyo umemruka. "Twende tukawaambie. Nitakuja na wewe. Nitawaambia habari ya pua."

"Hapana. Jana nilimwendea yule kinyozi wa jirani. Nilitaka kumwambia tu kwamba ninalo gunia. Alifunga mlango, akaniambia kupitia ukutani kwamba kitu kilichopita mikononi mwangu hatakipanda, hata kama watoto wake watakula nyasi. Na Apolonia ndiye wa kwanza atakayesema hivyo." Aliinua macho kuelekea milimani. Umeme ulimulika huko, bado haukuwa na sauti. "Ikinyesha kabla hawajapata, wamekwisha."

Mtoto aliamka ndani, akalia. Tekla alikwenda kumchukua, na aliporudi mzee alikuwa amekwisha kuinuka, ameshika nguzo ya banda.

"Zako hazikutoka darini," alimwambia. "Kila mtu anajua, maana niliipita nyumba yako mbele ya macho yao. Nitalileta gunia sasa hivi kwa njia hii ya jalalani, nilimwage kwenye ungo wako. Uwapelekee wewe, mwanangu. Anza na Apolonia. Waambie ni zako, za vilindo vilivyobaki darini. Mimi usinitaje, mpaka ziwe zimeota."